Gari Lililonyamaza Mbele ya Fundi

Mlio ulianza mwezi wa sita, asubuhi ya ukungu, kule kwa mama yangu juu ya Tengeru. Mwaka ule nilikuwa nalala kwake kila Jumatano, kwa sababu kila Alhamisi saa tatu asubuhi alitakiwa kuwa mjini kwenye mazoezi ya goti, na mama si mtu wa kupandishwa bodaboda. Nilikuwa nimeshawasha gari, nikarudi barazani kumshika mkono ashuke ngazi. Katikati ya ngazi akasimama.

"Hicho ni nini?" aliniuliza kwa Kimeru.

Nikasikiliza. Tik, tik, tik, tik. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayegonga kifuniko cha sufuria kwa ukucha, na ulitoka mbele, chini ya boneti. Nikaingia ndani nikakanyaga mafuta kidogo. Mlio nao ukaenda mbio. Nikaachia, ukapungua kasi, lakini haukuacha.

"Sijui, mama."

"Basi lizime."

"Nikilizima tutafikaje?"

Akanitazama kama mtu aliyejibiwa jeuri, akapanda, akaweka fimbo yake katikati ya magoti. Tukateremka na barabara ya vumbi kati ya migomba, ule mlio ukitusindikiza kila kona. Tulipofika lami, kimya. Nikashusha kioo, nikatoa kichwa nje. Kimya kabisa. Gari likaenda hadi mjini kana kwamba limeshushwa melini jana yake.

Mimi ni mkunga. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kuinama juu ya tumbo la mwanamke, kutega sikio, na kuhesabu mapigo ya mtoto huku macho yakiwa kwenye saa. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema ili ieleweke kwa nini mambo yaliyofuata yaliniudhi kiasi kile. Mtu akiniambia sijui kupika makande, nitanyamaza. Akiniambia naendesha gari kama naogopa barabara, nitakubali, maana ni kweli. Lakini kuniambia kwamba kitu nilichokisikia kwa masikio yangu sikukisikia, hapo tutakosana.

Wa kwanza kukosana naye alikuwa mume wangu. Yeye ni mtu wa Kilimanjaro, ana duka la vigae na rangi mjini, na kwake kila kitu kinachotembea ni kizima. Nilimsimulia jioni ile ile, tukiwa mezani nyumbani kwetu Lemara. Akaniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama anavyoniita tangu mtoto huyo azaliwe, akasema, "Gari limetembea?"

"Limetembea."

"Limewahi kuzima njiani?"

"Hapana."

"Sasa unataka nini zaidi?"

Kesho yake nikamtoa uani kabla hajavaa viatu, nikawasha gari. Tik, tik, tik. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasimama pale na soksi zake, ameinamisha kichwa upande, akasikiliza kwa makini kabisa, nikaanza kuwa na matumaini.

"Nasikia injini," akasema.

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo ndiyo injini yenyewe. Injini hulia." Akarudi ndani kutafuta viatu.

Gereji yetu iko Themi, si mbali na mto. Fundi wake ni mtu wa makamo, mnene kidogo, mpole, ana overoli ya bluu ambayo sijapata kuiona imefungwa vifungo vyote. Ametengeneza magari yetu tangu lile la kwanza, na mimi namheshimu. Nilifika kwake Jumamosi saa nne, nikamweleza yote. Akafungua boneti, akaniambia niwashe, akainama. Alikaa vile muda mrefu. Halafu akajiinua, akafuta mikono.

"Mama, hili gari linaimba vizuri."

"Linalia likiwa la baridi, fundi. Likishapata moto linanyamaza. Na mimi nimetoka nalo Lemara, limeshapata moto."

"Likiwa la baridi ni oili. Inakuwa bado haijapanda juu. Tutabadilisha oili, tutaweka nzito kidogo."

Akabadilisha. Jumatatu asubuhi likalia kama kawaida. Nikarudi. Akaniambia basi ni tapeti, zile nyenzo zinazofungua na kufunga valvu, zimelegea. Akafungua mfuniko wa juu wa injini, akazikaza, akafunga. Jumatano asubuhi likalia, na sasa, juu ya kulia, likawa linaacha doa la oili chini kila lilipoegeshwa, kwa sababu ule mfuniko haukukaa vizuri aliporudisha. Uani kwangu kulikuwa na zege safi. Nilisimama nikaangalia lile doa nikahisi kichwa kinapata moto.

Niliporudi mara ya tatu, fundi aliniwekea kiti. Kitendo hicho kilinipa wasiwasi.

"Pole, mama," akaanza. "Nikuambie ukweli. Wakati mwingine mtu akishasikia kitu mara moja, masikio yanakizoea. Anaendelea kukisikia hata kama hakipo. Ukiwa na mawazo mengi, kazi, wagonjwa..."

Nilimkumbuka mwanamke mmoja, zamani, nilipokuwa bado mgeni kazini, aliyekuja kituoni asubuhi akasema uchungu umemwanza, na tangu aliposhuka pale mlangoni umekoma. Nilimpima, nikaona yuko kimya, nikamwambia ni mawazo ya mimba ya kwanza, aende nyumbani. Alirudi alasiri akajifungua kwenye korido, amelalia kanga ya mama mkwe wake. Mtoto alikuwa mzima, na yeye mzima, lakini alinitazama kwa namna ambayo hadi leo naijua. Tangu siku ile, mgonjwa akiniambia "nilipofika hapa kimeacha", simrudishi. Namlaza, nasubiri.

Kwa hiyo nilisimama kutoka kwenye kile kiti nikamwambia fundi, "Gari linalala hapa."

"Hapa?"

"Linalala hapa. Kesho saa moja asubuhi nitakuja, tutaliwasha pamoja, likiwa la baridi."

Akakubali, kwa sauti ya mtu anayemridhisha mgonjwa. Kesho yake nikapanda bodaboda na koti la baridi, nikafika Themi kabla ya saa moja. Gari langu halikuwa pale nilipoliacha. Lilikuwa upande wa pili wa uwanja, chini ya ukuta, na nilipogusa boneti nikakuta lina moto kama chapati. Mlinzi wa gereji akaja amefurahi. Alikuwa ameondoa magari yote tangu saa kumi na mbili ili afagie. Na la kwangu, akasema, kwa sababu ni la mama, alilipigia resi kidogo lipate moto vizuri.

"Shikamoo, mama," akamalizia.

"Marahaba," nikasema. Ningesema nini kingine?

Nikajaribu kurekodi kwa simu. Nilifanya hivyo kwa mama, Alhamisi iliyofuata, nimeweka simu juu ya injini wazi, nimeshika pumzi. Nikaipeleka Themi, tukaisikiliza wote wawili, fundi ameibana sikioni. Kwanza kulikuwa na jogoo. Halafu upepo. Halafu sauti ya mama kutoka barazani, wazi kuliko kitu kingine chochote, ikiniuliza kwa Kimeru kama nimeona fimbo yake, na kama sijaiona mbona simjibu. Halafu jogoo tena.

"Huyu jogoo ni wa kienyeji?" akauliza fundi.

Mume wangu naye, kwa nia njema, akalipeleka gari mjini kwenye gereji nyingine inayopima kwa kompyuta. Alirudi na karatasi. Karatasi ilisema gari halina hitilafu hata moja. Akaibandika kwenye friji kwa sumaku, pale tunapobandika ratiba ya umeme na risiti za ada, na kila nilipofungua mlango kuchukua maziwa niliisoma tena: hakuna hitilafu. Nilimwomba aitoe. Akasema, "Si ni vizuri kujua?"

Shahidi wangu pekee alikuwa mama. Alhamisi moja, tulipomaliza mazoezi, nikapitia naye Themi, nikiamini kwamba mtu mzima wa miaka sabini na kitu akisema amesikia, fundi hataweza kumwambia ana mawazo. Nilikosea kutomfundisha mapema cha kusema. Fundi alikuja mwenyewe hadi mlangoni mwa gari, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeshindwa na hili gari?"

"Ndiyo mimi, mama. Wewe umesikia linavyolia?"

"Nimesikia. Linakohoa."

"Linakohoa?"

"Linakohoa kama mtu mwenye kifua. Hasa likipanda mlima."

"Mama, halikohoi," nikasema kwa Kimeru. "Linagonga. Tik, tik. Na halipandi mlima asubuhi, linateremka."

"Mimi ndiye ninayeulizwa," akanijibu kwa Kiswahili, ili fundi asikie.

Uso wa fundi ukafunguka. Kukohoa alikuwa anakujua. Gari likikohoa kwenye mlima ni plagi. Kabla sijapata nafasi ya kusema kitu akawa ameshaagiza plagi nne mpya, na mama ameketi mbele, mlango wazi, akimsimamia na kumweleza juu ya gari la marehemu baba ambalo nalo lilikohoa. Nikamrudisha Tengeru. Mama aliridhika kabisa. Alisema yule fundi ana adabu.

Asubuhi iliyofuata, plagi mpya na yote, tik, tik, tik, tik.

Nafikiri ni hapo nilipofika mwisho. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari uani kwangu Lemara, mikono kwenye usukani, nikajikuta nahesabu mapigo kwa saa ya mkononi kama niko wodini. Nikampigia fundi simu pale pale. Nilimwambia kwamba sitaki oili, sitaki tapeti, sitaki plagi. Nataka kitu kimoja. Jumamosi aje nyumbani kwangu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, asimame uani, na gari lisiwe limeguswa na binadamu yeyote tangu jana yake. Akikosa kusikia, nitamwomba radhi mbele ya gereji nzima na sitaongea habari hiyo tena.

"Nitakuja, mama," akasema.

Ijumaa niliegesha gari mapema. Nikamwambia mume wangu kwamba kesho fundi anakuja. Akasema sawa. Jumamosi nikaamka, nikaoga, nikaweka chai jikoni, na saa kumi na mbili na dakika ishirini nikasikia bodaboda getini. Fundi alikuwa amekuja kweli, amevaa koti zito na kofia ya sufu. Nikamfungulia, nikageuka kumwonyesha gari.

Uani hapakuwa na gari. Palikuwa na doa la oili tu.

Tulisimama pale tukiangalia lile doa. Hatukukaa hata dakika tano, gari likaingia getini kwa upole, mume wangu kwenye usukani, ametabasamu, amebeba mfuko wa karatasi uliolowa mafuta.

"Karibu, fundi!" akasema akishuka. "Nikasema mtu hawezi kutoka Themi kwenye baridi hii akanywa chai kavu. Nimefuata maandazi."

Siwezi kuandika yote niliyosema. Najua nilisema kwamba kuna maandazi hatua hamsini kutoka getini kwetu, kwa yule mama wa kona, ambako watoto huenda na ndala. Mume wangu akajibu kwamba ya yule mama wa kona hayana iliki. Fundi alikuwa katikati yetu, mfuko wa maandazi mkononi maana alikuwa ameshapewa, akiangalia ardhi. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaenda kwenye gari, akafungua boneti, akaniambia niwashe. Kimya. Injini ikaunguruma kama paka aliyeshiba.

"Pole, mama," akasema.

Nilikwenda chumbani nikafunga mlango. Niliwasikia wakinywa chai, wakizungumza habari za bei ya saruji.

Mume wangu aliomba radhi jioni. Alikuwa amefikiri kwa kweli kwamba anasaidia, na hilo ndilo lililonifanya nishindwe hata kununa sawasawa. Nilimwambia kwamba sasa imebaki njia moja, ya kumhamishia fundi kwa mama. Kule hakuna mlinzi wa kufagia, na hakuna anayependa iliki.

Fundi alikataa mara ya kwanza. Akasema juu ya Tengeru ni mbali na gereji itabaki bila mtu. Mama, aliposikia amekataa, akaomba simu. Sikujua alichomwambia kwa sababu alitoka nayo nje kwa fimbo yake, polepole, hadi kwenye migomba. Aliporudi akanikabidhi simu akasema, "Alhamisi anakuja. Atakunywa uji kwangu."

Jumatano ile nikaegesha gari mbele ya baraza saa kumi na moja jioni. Mama akanyoosha mkono. Nikamuuliza anataka nini.

"Ufunguo."

"Mama, hakuna mtu hapa wa kuliwasha."

"Nipe ufunguo."

Nikampa. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, akaingia nao ndani. Asubuhi alitoka nao vilevile, ameketi barazani kwenye kigoda chake, blanketi mabegani, akilinda gari kama askari. Baridi ilikuwa ya kweli. Ukungu ulikuwa umeteremka mlimani ukafunika hata mibuni iliyo jirani na choo, na matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Nilikuwa na hofu ambayo naona aibu kuisema: kwamba siku hiyo, ya siku zote, gari halitalia. Nilijiona nikisimama mbele ya gereji nzima nikiomba radhi.

Fundi alifika na bodaboda akiwa amejaa matope hadi magotini. Akamwamkia mama, akaulizwa habari za watoto wake, akaombwa aketi anywe uji. Akasema akishamaliza kazi. Akaja kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti na kukiacha pale kidogo. Lilikuwa la baridi kama jiwe la mto.

"Mama, ufunguo," nikasema.

Mafundo yalikataa kufunguka. Vidole vya mama vina ugonjwa uleule wa goti, na mimi nilipojaribu kumsaidia akanipiga mkono. Tulimsubiri. Hatimaye ufunguo ukatoka, nikaingia, nikaomba Mungu kwa maneno machache, nikawasha.

Tik, tik, tik, tik, tik.

Nilimtazama fundi kupitia kioo cha mbele. Alibaki amesimama vilevile, ila kofia yake aliivua taratibu, akaiweka mfukoni, ili masikio yawe wazi. Kisha akafungua boneti na sikumwona tena, ila nilisikia akisema peke yake, "Hee."

Nikashuka. Alikuwa ametoa kwenye begi lake kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono hivi. Ncha moja aliitia sikioni, nyingine akaanza kuipitisha juu ya injini, mahali hadi mahali, akisimama, akisogea, akirudi. Nilitazama mkono ule nikasahau hasira kwa dakika nzima, kwa sababu ndivyo ninavyofanya mimi, hivyo hivyo, nikitafuta mtoto alipolala. Akafika nyuma, karibu na ukuta unaotenganisha injini na sisi abiria, akasimama. Akanipa ule mpira.

Nikauweka sikioni. Pale haikuwa tik tena. Ilikuwa chaf, chaf, chaf, pumzi fupifupi kama za mtu anayetoka kukimbia.

"Zima, mama," akasema. Akaingiza mkono na tochi, akaniita niangalie. Pale bomba la moshi linapofungwa kwenye injini palikuwa na masizi meusi, yamechora kama ulimi. "Hapa pana boliti nne. Hii moja imekatika kichwa. Ukiwasha asubuhi, chuma ni cha baridi, kuna upenyo mdogo, moshi unapumulia hapa. Chuma kikipata moto kinatanuka, upenyo unaziba. Ndiyo maana..."

Akazima tochi.

"Ndiyo maana nini, fundi?"

"Ndiyo maana ukifika kwangu kunakuwa kimya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Miezi miwili nilikuwa nayo kichwani, mengine nilikuwa nimeyapanga usiku nikiwa zamu. Yaliyotoka yalikuwa machache.

"Fundi, sema."

"Niseme nini, mama?"

"Sema kwamba gari lilikuwa linalia."

Akatazama barazani, mama yupo anatutazama, blanketi limemteremka bega moja. Akanitazama mimi.

"Gari lilikuwa linalia."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza uliyokuja."

"Na mimi sikuwa na mawazo."

"Hukuwa na mawazo, mama. Nisamehe."

Nilijibu sawa, na nilishangaa kuona machozi yananilenga, kwa ajili ya boliti. Niligeuka upande wa migomba hadi yalipokauka. Fundi, Mungu ambariki, alijifanya anatafuta spana. Kisha akaketi barazani akanywa uji vikombe viwili, na mama akamwambia kwamba yeye tangu mwanzo alisema lina ugonjwa wa kifua. Fundi akakubali. Mimi nilikuwa nimechoka kubishana na mtu yeyote.

Matengenezo hayakuwa mepesi. Kipande cha boliti kilichobaki ndani kilikuwa kimeshika kutu, ikabidi kitobolewe polepole, na gari likakaa Themi kuanzia Ijumaa hadi Jumanne. Alipolirudisha alikuwa amefunga na ule mfuniko uliokuwa ukivuja, bila kuambiwa. Jumatano asubuhi niliwasha gari uani kwangu, nikazima redio, nikashusha vioo vyote. Injini tu. Nilikaa pale hadi nikachelewa kazini. Jirani alinipungia mkono juu ya ukuta akiniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hakuna, nasikiliza.

Ile karatasi ya kompyuta nilikuwa nimeshaitoa kwenye friji na kuichana.

Jumapili tulikwenda kusali kwa mama, mimi na mume wangu. Baada ya ibada watu walisimama nje ya kanisa kama kawaida, wanaume upande wao, wakisubiri mnada wa ndizi na mayai yaliyoletwa sadaka. Nilikuwa nimemshika mama mkono, tunasogea polepole kuelekea kwenye gari, nikasikia sauti ya mume wangu. Alikuwa akiwasimulia wanaume wa kijiji, kwa mikono miwili.

"Ilitusumbua miezi," alikuwa akisema. "Kila asubuhi tunasikia, tik, tik. Mafundi wote wameshindwa. Kompyuta imeshindwa! Nikasema hapana, injini nzima hailii hivi. Tukamng'ang'ania fundi hadi tukamleta huku mlimani. Tukagundua boliti ya ekzosi imekatika."

Wanaume wakatikisa vichwa. Mmoja akasema wengine wangeliuza gari.

"Mwache," mama akaniambia kwa Kimeru, akinibana mkono.

Sikumwacha. Nilikwenda hadi pale nikasalimia kwa adabu zote, kisha nikamuuliza mume wangu, "Nani alikuwa anasikia?"

Akajikuna nyuma ya sikio. "Wewe ulisikia kwanza," akasema. "Mimi nilielewa baadaye kidogo."

Wale wanaume wakacheka, na yeye akacheka nao, na mimi nilibaki nimesimama na kitabu changu cha nyimbo, nikijua kwamba hadithi hiyo ataisimulia hivyo hivyo dukani Jumatatu, na kwa ndugu zake Krismasi tukienda Kilimanjaro, na kwamba kila mwaka nitazidi kutoweka ndani yake.

Kurudi niliendesha mimi. Tulipoingia lami akaegemeza kichwa kwenye kiti, akasikiliza kidogo, akasema, "Limetulia, eh?"

Nikamwambia afunge mkanda.